Mizani ya Ghala Namba Mbili

Wajuzi wa tungo wanataka vina na mizani.
Vina sina. Mizani ninayo,
ya chuma, iko kona ya ghala namba mbili, Newala,
nami karani wake huu mwaka wa kumi na tisa.
Hupima magunia. Haipimi watu,
ingawa Somoe Nandonde aliwahi kuipanda
ana miaka kumi na mmoja, raketi mkononi:
kilo ishirini na nane na nusu.
Niliandika kwa penseli ukutani.

Nje huwezi kucheza vinyoya.
Upepo wa Newala hauna adabu,
unakupokonya kinyoya, unakitupa bondeni
kama unapeleka salamu Ruvuma.
Ndiyo maana walinijia, yeye na mwalimu Hokororo,
mwezi wa pili, ghala tupu, linanuka mafuta ya maganda,
wakaomba funguo.
Wavu waliushona kwa magunia yaliyochakaa.
Mistari, chokaa. Nyuzi za raketi zilipokatika
tulizifuma upya kwa uzi wa kushonea magunia,
ikawa inalia bu,
kama mtu aliyekatazwa kucheka.

Kwenye simu ya mwalimu kulikuwa na binti wa Indonesia,
kijana, peke yake upande wake wa wavu.
Somoe alimtazama mpaka bando likaisha,
kisha akaendelea naye kichwani, hatua kwa hatua,
viatu vya shule vikisaga sakafu.
Nikasema, mbona huyu anashindwa sana?
(Wiki ile alitolewa raundi ya kwanza.)
"Karani, tazama miguu. Matokeo yaache."

Mwezi wa kumi korosho huingia
na uwanja hupotea, gunia baada ya gunia,
kwanza mstari wa nyuma, mwisho wavu wenyewe.
Nilimwachia ujia mmoja kati ya milundo,
upana wa mikono miwili iliyonyooshwa.
Humo alijifunza kupiga nyoofu, nyoofu, nyoofu,
maana ukikosea unapiga mali ya watu.

Na mashindano ya taifa ni mwezi wa kumi na moja.

Mwaka wa kwanza, Dar es Salaam, alitoka asubuhi.
Wa pili pia, na malaria juu yake.
Wa tatu nusu fainali; redio ikamwita Somoe wa Mtwara mjini,
Newala tukanuna.
Wa nne Kampala. Akarudi na fulana, goti limevimba,
na habari kwamba taa za huko ni nyingi
hata kinyoya kinapotelea ndani ya mwanga.
Mama yake, mbangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu,
alilikanda goti hilo miezi mitatu, asiulize faida.
Tuliouliza ni sisi wanaume wa ushirika:
mchezo huo unalipa shilingi ngapi kwa kilo?

Mwaka jana, fainali.
Seti ya tatu, kumi na tisa kwa kumi na tisa,
mpinzani akagundua: huyu hupiga nyoofu tu.
Akasogea mstarini, akangoja.
Mara mbili.

Ujia wangu ule.

Aliporudi hakunilaumu.
Alikuja na kinyoya cha mechi, akakiweka juu ya bamba.
Sindano haikujitikisa.
Mizani hii husoma kuanzia nusu kilo.
"Kumbe sikupoteza kitu," akasema,
akacheka mpaka akakaa chini,
akabaki amekaa, amenigeuzia mgongo,
nami nikajifanya natafuta kalamu.

Leo Oktoba tena.
Nimewaambia wapagazi wapange milundo mshazari,
ujia utoke kona hii mpaka kona ile.
Wanatazamana: karani kazeeka vibaya.
Magunia mia mbili hayataenea, yatalala nje chini ya turubai,
na meneja atauliza.
Kwenye daftari, safu ya sababu, nimeandika: hewa.

Nyuma ya magunia,
bu.
Kimya kidogo, kirefu kuliko cha zamani.
Bu.
Kinavuka.